Kutoka mmea na udongo hadi kidonge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viambato vya asili na magonjwa ya vimelea yasiyopewa kipaumbele

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa sayansi, wahudumu wa afya, watu wa tiba asili na wenye wagonjwa huyauliza tena na tena. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Magonjwa ya vimelea yasiyopewa kipaumbele ni yapi?

Ni magonjwa yanayoletwa na viumbe wanaoingia mwilini mwa mtu na kuishi kwa kumtegemea. Baadhi ya vimelea hivyo vina seli moja tu na huonekana kwa hadubini: vya malale, vinavyoenezwa na mbung'o, vya kala-azar na aina nyingine za leishmaniasisi, vinavyoenezwa na inzi wadogo wa mchanga, na vya ugonjwa wa Chagas, unaosumbua Amerika ya Kusini na ya Kati. Vingine ni minyoo: ya kichocho, ya matende na mabusha, ya upofu wa mtoni, na ile ya tumbo.

Jina "yasiyopewa kipaumbele" halina maana kwamba wagonjwa ni wachache. Orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya magonjwa ya kundi hili, yakiwemo yasiyo ya vimelea, inagusa watu zaidi ya bilioni 1. Kichocho peke yake kina watu zaidi ya milioni 250 wanaohitaji dawa za kinga. Kilichokosekana ni fedha za utafiti, kwa sababu wanaougua ni watu wasio na uwezo wa kununua dawa ghali.

2. Malaria imo?

Kwenye orodha ya WHO ya magonjwa haya, haimo. Ina programu na wafadhili wake. Tunaitaja sana hapa kwa sababu kwinini na artemisinin, dawa zake mbili kubwa kabisa, zote zilitoka kwenye mimea, na yaliyojifunzwa huko yanatumika kwa vimelea vingine.

3. "Kiambato cha asili" ni jina lingine la mitishamba?

Hapana, na hapa ndipo mazungumzo mengi yanapopotea njia. Kiambato cha asili ni molekuli moja inayojulikana umbo na uzito wake, iliyotengenezwa na kiumbe hai. Mtishamba ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli, ambazo kiasi chake hubadilika kulingana na udongo, msimu, umri wa mmea na namna ulivyokaushwa.

Jambo la pili ni kwamba kiumbe hicho si lazima kiwe mmea. Dawa nyingi muhimu za vimelea zilitoka kwa bakteria wa udongoni, hasa wa jenasi ya Streptomyces, na nyingine kwa kuvu. Anayewaza majani na magome peke yake anaacha nusu ya hazina nje.

4. Kwa nini tuhangaike na asili wakati wakemia wanaweza kuunda molekuli yoyote?

Kwa sababu hawawezi kuwaza molekuli yoyote. Mmea haukimbii adui, na bakteria wa udongoni wanagombea chakula na maelfu ya majirani. Kwa mamilioni ya miaka wamekuwa wakitengeneza kemikali zinazopenya kwenye seli za viumbe wengine na kuvuruga kazi zao. Maumbo yaliyotokana na vita hivyo ni tata. Artemisinin, kwa mfano, ina daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, muundo ambao mkemia angeuona ni dhaifu mno kuwa dawa. Daraja hilo ndilo linalovunjika linapokutana na chuma ndani ya kimelea cha malaria, na kimelea kikafa.

Hata hivyo asili si njia pekee, wala si bora kila mara. Tazama swali la 9.

5. Kama hazina ni kubwa hivyo, mbona dawa ni chache?

Kati ya dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni duniani kati ya mwaka 1975 na 1999, ni 16 tu zilizokuwa za magonjwa ya kitropiki na kifua kikuu. Kwa miaka 2000 hadi 2011, viambato vipya kabisa vilikuwa 336, na vya magonjwa yaliyopuuzwa vilikuwa 4.

Matokeo yake yaliwakuta wagonjwa. Kwa miongo mingi, mtu ambaye malale yalikuwa yamefika kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoprol, dawa yenye arseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949. Iliunguza mishipa ilipodungwa, na iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo. Madaktari waliendelea kuitoa kwa sababu malale yasiyotibiwa yangemuua mgonjwa kwa vyovyote. Ndiyo maana mashirika ya kutafuta dawa yasiyo ya kibiashara kama DNDi, lililoanzishwa mwaka 2003, yalihitajika.

## Dawa ambazo tayari zimepatikana

6. Ni dawa gani zinazotumika leo zilizotoka kwenye asili?

Ivermectin, ya upofu wa mtoni, matende na minyoo kadhaa, ilitoka kwa bakteria wa udongoni. Moxidectin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa upofu wa mtoni, ni ya ukoo huohuo. Amphotericin B, inayotibu kala-azar, ilitoka kwa Streptomyces nodosus, aliyepatikana kwenye udongo wa eneo la mto Orinoco nchini Venezuela katika miaka ya 1950. Paromomycin ni ya Streptomyces pia; iliidhinishwa India kwa kala-azar mwaka 2006, na mwaka 2010 WHO ikapendekeza ichanganywe na dawa ya antimoni kwa siku 17 kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Kwinini ilitengwa kutoka kwenye magome ya mti wa sinkona mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou. Doksisaiklini nayo imetokana na ukoo wa tetrasaiklini za bakteria. Kazi yake dhidi ya minyoo iko kwenye swali la 22.

7. Ivermectin ilipatikanaje?

Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Japani, alikuwa na mazoea ya kukusanya udongo kila alipokwenda. Sampuli moja ilitoka Kawana, mji wa Ito, karibu na uwanja wa gofu. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye udongo huo walipelekwa kwenye kampuni ya Merck nchini Marekani, ambako kundi la William Campbell liliwapa panya wenye minyoo. Minyoo ikatoweka.

Zingatia walichofanya. Hawakuanza na minyoo kwenye chombo cha kioo. Walianza na mnyama anayeumwa. Kipimo hicho kinakula muda na fedha, lakini kinajibu maswali mengi kwa mpigo: je, kiambato kinafyonzwa tumboni, kinafika kwa mnyoo, na kinamwacha mnyama hai? Molekuli ya asili iliitwa avermectin. Wakemia waliigeuza kidogo ili iwe salama na yenye nguvu zaidi, ndipo ikawa ivermectin. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo, na mwaka 1987 ikaidhinishwa kwa binadamu. Mwaka huohuo Merck iliahidi kuitoa bure kwa upofu wa mtoni kwa kiasi chochote kitakachohitajika. Ōmura na Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, pamoja na Tu Youyou.

8. Na Tu Youyou alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?

Alipunguza moto. Mradi wa kijeshi wa China wa kutafuta dawa ya malaria ulianza tarehe 23 Mei 1967, na Tu aliingia mwaka 1969. Kundi lake lilipitia mamia ya maagizo ya tiba ya zamani. Mmea wa qinghao, yaani Artemisia annua, ulionyesha dalili nzuri, kisha matokeo yakashuka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Agizo lilisema mtu aloweke konzi ya qinghao kwenye maji, akamue, anywe maji yote. Hapakuwa na kuchemsha. Tu akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu kiambato, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, akaondoa na sehemu yenye tindikali iliyokuwa na sumu. Sampuli namba 191, iliyopimwa Oktoba 1971, ilisafisha vimelea vyote kwenye damu ya panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wenyewe.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa tiba ya jadi dhidi ya sayansi, au kinyume chake. Mimi ninavyokisoma, maagizo ya kale yalimpa dokezo, na vipimo vya panya vikamwonyesha ni dokezo lipi la kweli. Kimoja kati ya hivyo viwili kingekosekana, dawa isingepatikana.

9. Kuna magonjwa ya kundi hili yanayotibiwa kwa dawa zisizotoka kwenye asili?

Mengi. Prazikwanteli ya kichocho ilitengenezwa na wakemia katika miaka ya 1970. Fexinidazole, dawa ya malale ya kumeza kwa siku 10 iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2018, ni molekuli ya kutengenezwa iliyokuwa imeachwa kabatini na kuibuliwa tena na DNDi. Imeondoa haja ya dawa za kudungwa kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa hajali dawa imetoka wapi, na mtafiti pia asijali.

## Ndani ya maabara

10. Hatua zinafuatana vipi?

Mmea hukusanywa, hutambuliwa na mtaalamu wa mimea, hukaushwa na kusagwa, kisha hulowekwa kwenye kiyeyushi kama ethanoli. Kinachobaki baada ya kiyeyushi kukauka huitwa dondoo. Dondoo hupimwa dhidi ya kimelea. Likifanya kazi, hugawanywa mafungu, kila fungu likapimwa, fungu lenye nguvu likagawanywa tena, na kuendelea hivyo mpaka ibaki molekuli moja. Kwa bakteria na kuvu, kazi huanza na kuwaotesha.

Mara nyingi nguvu hupotea njiani: dondoo lilikuwa zuri, mafungu yote yakawa dhaifu. Huenda molekuli imeharibika, huenda imekwama kwenye chombo cha kuchuja, na huenda kulikuwa na mbili zilizokuwa zikisaidiana (swali la 21). Molekuli ikishapatikana, zinafuata kazi za kuijua umbo, kuijaribu kwa wanyama, kuirekebisha, kupima sumu yake, na majaribio kwa binadamu. Safari nzima huchukua zaidi ya miaka 10, na nyingi huishia njiani.

11. Habari inasema "mmea fulani unaua vimelea maabarani". Nielewe nini?

Uliza maswali mawili: kwa kiasi gani, na nini kingine kimeuawa?

Karibu kila kitu huua kimelea ukikimwaga kwa wingi, hata chumvi. Kwa hiyo watafiti hutafuta kiasi kinachopunguza vimelea kwa nusu, na kukiita IC50. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo kiambato kilivyo na nguvu. Dondoo linalohitaji zaidi ya mikrogramu 100 kwa mililita huhesabiwa kuwa halina kazi, ingawa machapisho mengi hulisifia. Kwa molekuli iliyosafishwa, matumaini huanza chini ya mikromola 10 (kipimo cha wingi wa molekuli kwenye kimiminika), na wenye uzoefu hutaka chini ya 1.

Kisha kiambato hichohicho hupimwa kwenye seli za binadamu au za mnyama. Ukigawanya kiasi kinachoua nusu ya seli hizo kwa kiasi kinachoua nusu ya vimelea, unapata kipimo cha uteuzi. Kikiwa 1, hiyo ni sumu ya kila kiumbe. Wengi hutaka angalau 10 kabla ya kusogea mbele. Cryptolepine, inayotoka kwenye mzizi wa Cryptolepis sanguinolenta wa Afrika Magharibi, inaua vimelea vya malaria vizuri sana, lakini inaingilia DNA ya seli zetu pia. Ndiyo maana wakemia wamekuwa wakiigeuzageuza badala ya kuitoa ilivyo.

12. Vipimo hivyo vinaweza kudanganya?

Vinaweza, na kwa dondoo za mimea hudanganya mara nyingi. Chukua kipimo kinachotumika sana: sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, vimelea ndani ya kila kisima, halafu tone la resazurini, rangi ya bluu. Vimelea vilivyo hai huigeuza kuwa ya waridi. Vikifa, kisima hubaki bluu. Sasa mimina dondoo la kijani kibichi lililojaa rangi ya majani. Kifaa kinasoma rangi ya jani badala ya uhai wa kimelea. Tanini za magome nazo hushikana na protini zote zilizomo, na matokeo huonekana mazuri kwa sababu isiyo na faida yoyote kwa mgonjwa. Hata kiyeyushi chenyewe, kama DMSO, huua vimelea kikizidi.

Kwa hiyo chapisho likikosa visima vyenye kiyeyushi peke yake, visima vyenye dondoo bila vimelea, na visima vyenye dawa inayojulikana, usilipe uzito.

13. Kurkumini ya kiungo cha manjano (binzari) inaonekana kufanya kazi kwa kila ugonjwa. Mbona haijawa dawa?

Hiyo "kila ugonjwa" ndiyo dalili mbaya. Kuna molekuli zinazovuruga vipimo vya aina nyingi: zinang'aa zenyewe, zinashikana na protini ovyo, au zinavunjika na kutoa vitu vingine. Kurkumini ni mfano unaojulikana zaidi, na kwasetini iko karibu nayo. Zaidi ya hapo, kurkumini hufyonzwa kidogo sana tumboni na huharibika upesi mwilini, kwa hiyo kiasi kilichoua vimelea kwenye sahani hakifikiki kwenye damu. Inasikitisha kuona fedha chache za magonjwa haya zikirudi kwenye molekuli zilezile mwaka baada ya mwaka.

14. Kuna tofauti gani nikipima kwa hatua moja ya kimelea na si nyingine?

Tofauti ni kubwa kiasi cha kubatilisha kazi nzima. Kimelea cha leishmania kina sura mbili. Ndani ya inzi ni kirefu, kina mkia, kinaogelea, na kinaoteshwa kirahisi kwenye chupa. Ndani ya mtu ni kiduara kidogo kilichojificha kwenye seli za kinga, zilezile zilizopaswa kukiua. Kiambato kinachoua kile cha kuogelea kinaweza kisiguse cha ndani, kwa sababu hakipenyi kuta zote hizo au kwa sababu kimelea kimebadili namna ya kuishi. Maabara zenye vifaa vichache huishia kwenye cha kuogelea kwa kuwa ni nafuu. Ni hatua halali ya kwanza, mradi msomaji aambiwe wazi.

Kwenye minyoo, tazama upofu wa mtoni. Ivermectin huua viluwiluwi vinavyotembea chini ya ngozi na kufika machoni, na huzuia mnyoo jike kuzaa kwa miezi kadhaa, lakini haimuui mnyoo mkubwa. Huyo huishi miaka 10 hadi 15 ndani ya kinundu. Hivyo jamii nzima hulazimika kumeza dawa mwaka hadi mwaka. Kinachotafutwa sasa ni kitakachomuua mkubwa. Mmoja wa watarajiwa ni emodepside, iliyotokana na molekuli ya kuvu aliyepatikana kwenye jani la kamelia nchini Japani. Ilianza kama dawa ya paka na mbwa, na imeingia kwenye majaribio ya binadamu.

## Matumizi na usalama

15. Ninaweza kunywa chai ya Artemisia badala ya vidonge?

Usifanye hivyo. WHO ilitoa tamko mwaka 2019 kwamba haiungi mkono matumizi ya mmea huo kwa namna yoyote kutibu au kuzuia malaria. Kiasi cha artemisinin hutofautiana kutoka jani hadi jani, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, na mara nyingi hakitoshi kuua vimelea vyote. Vinavyobaki ndivyo vinavyozaa usugu (swali la 17). Kumbuka pia kwamba hata artemisinin safi hutoka mwilini kwa saa chache; ndiyo sababu vidonge vya kisasa huichanganya na dawa ya pili inayodumu.

16. Lakini kitu cha asili si ni salama zaidi?

Amphotericin B ni ya asili kabisa, na huharibu figo kiasi kwamba ilibidi ifungwe ndani ya viputo vya mafuta ili ivumilike. Kwinini huleta mvumo masikioni na kuvuruga mapigo ya moyo ikizidi. Mimea kadhaa ina alkaloidi zinazoharibu ini polepole, na anayeitumia haunganishi ugonjwa wa mwaka huu na kikombe cha mwaka jana. Usalama hutokana na kujua molekuli na dozi yake.

17. Vimelea vinaweza kuwa sugu kwa viambato vya asili?

Ndiyo. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinin ulianza kuonekana Kusini-Mashariki mwa Asia, na umethibitishwa pia Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, ukihusishwa na mabadiliko kwenye jeni iitwayo kelch13. Kwenye kichocho wasiwasi ni wa aina yake: dawa ni moja tu, prazikwanteli, na hakuna ya akiba iliyo tayari.

18. Ivermectin ya mifugo naweza kuitumia?

Hapana. Dozi zake zimepangwa kwa uzito wa mnyama mkubwa, na ni rahisi mtu kuzidisha. Hata ile ya binadamu ina hatari yake: mwenye vimelea vingi sana vya Loa loa kwenye damu, mnyoo wa misitu ya Afrika ya Kati, anaweza kupoteza fahamu na hata kufa akiimeza. Huko watu hupimwa kwanza.

## Haki na upatikanaji

19. Nani anamiliki kiambato kilichopatikana kwenye mmea wa jamii fulani?

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka mtafiti apate ridhaa ya nchi husika kabla ya kuchukua sampuli, na makubaliano ya namna faida itakavyogawanywa. Maarifa ya jadi ya jamii nayo yanalindwa humo. Mmea wenyewe hauwekewi hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Kinachowekewa ni molekuli, namna ya kuitenga au matumizi yake mapya.

Mfano unaouma ni wa Guyana ya Kifaransa. Watafiti wa taasisi ya umma ya Ufaransa, IRD, waliwahoji wakazi kuhusu tiba zao za malaria, wakatenga molekuli iitwayo simalikalaktoni E kutoka kwenye mti wa Quassia amara, kisha taasisi ikaomba hataza. Walioeleza matumizi ya mti hawakushirikishwa kwenye hataza hiyo. Malalamiko yalipotoka hadharani mwaka 2016, taasisi iliahidi kuandaa makubaliano ya kugawana manufaa. Ahadi hiyo ilipaswa kuwa karatasi ya kwanza kabisa kutiwa saini, kabla ya jani la kwanza kuchumwa.

20. Dawa ikipatikana, miti haitakwisha?

Inaweza kwisha, hasa kama kiambato kiko kwenye mzizi au gome. Njia za kuepuka ni kulima mmea, kutafuta kiambato kwenye majani, kukitengeneza kikemia, au kuhamishia jeni kwa kiumbe kingine. Kundi la mtafiti Jay Keasling lilifanya hamira itoe asidi ya artemisini, ambayo hugeuzwa kuwa artemisinin kiwandani, na kampuni ya Sanofi ikaanza uzalishaji. Kwa bei, hata hivyo, artemisinin ya mashambani ilibaki na ushindani mkali.

## Maswali ya pembeni

21. Je, dondoo zima haliwezi kuwa bora kuliko molekuli moja?

Linaweza, na si jambo la kubeza. Molekuli ya pili inaweza kusaidia ya kwanza ifyonzwe au kuzuia isiharibiwe na ini. Lakini ni lazima ithibitishwe: pima A peke yake, B peke yake, kisha zote kwa viwango mbalimbali, uone kama jumla inazidi matarajio. Wengi husema "zinasaidiana" pale tu walipokosa molekuli yenye nguvu. Dondoo zima pia linahitaji kuwa lilelile kila linapotengenezwa, na hilo ni gumu kwa sababu zilizotajwa kwenye swali la 3.

22. Inakuwaje dawa ya bakteria iue minyoo?

Minyoo ya matende na ya upofu wa mtoni inaishi na bakteria ndani ya miili yake, waitwao Wolbachia. Bila hao, mnyoo jike hawezi kuzaa, na baada ya muda hufa. Doksisaiklini ya wiki 4 hadi 6 huwaua bakteria hao, na hivyo hufanya kile ambacho ivermectin haiwezi. Tatizo ni urefu wa dozi, na kwamba haifai kwa wajawazito na watoto wadogo. Watafiti wa Ujerumani wanaiendeleza corallopyronin A, inayotoka kwa bakteria mwingine wa udongoni, Corallococcus coralloides, kwa lengo hilohilo. Mimi huona hili ni moja ya mawazo mazuri zaidi katika uwanja huu: kumwacha mnyoo na kumshambulia anayemtunza.

23. Kompyuta imeonyesha kiambato kinaingia vizuri kwenye protini ya kimelea. Inatosha?

Haitoshi. Programu hizo husaidia kuchagua cha kupima kwanza. Haziambii kama molekuli itapenya seli, itadumu kwenye damu au itaua. Chapisho linaloishia kwenye picha ya kompyuta ni pendekezo la jaribio.

24. Kuna mmea ambao wazee wanautumia na naamini unafanya kazi. Nianzie wapi?

Anza na wazee wenyewe: ridhaa yao, na makubaliano ya maandishi (swali la 19). Kisha andika kila walichosema kuhusu namna ya kuandaa: sehemu gani, mbichi au kavu, maji baridi au ya moto, inachumwa wakati gani. Kisa cha Tu Youyou kinaonyesha uzito wa maelezo hayo. Uliza pia wanatambuaje ugonjwa, maana "homa" moja huweza kuwa magonjwa matano.

Chuma tawi lenye maua au matunda, likandamize na kulikausha, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya chuo au makumbusho likatambuliwe na kupewa namba. Bila tawi hilo hakuna atakayeweza kurudia kazi, na mimea miwili yenye jina moja la kienyeji huweza kuwa jamii tofauti kabisa. Baada ya hapo tafuta maabara inayootesha vimelea, kwa kuwa leishmania na trypanosoma (vimelea vya malale na Chagas) haviguswi bila mafunzo na vifaa vya usalama. Shirika la MMV, linalotafuta dawa za malaria, liliwahi kusambaza bure seti ya molekuli 400 iitwayo Pathogen Box, na maabara nyingi zilizoitumia zina vipimo vilivyokwisha kuthibitishwa. Ni mahali pazuri pa kubisha hodi.

Kama sababu ya kuuliza ni mgonjwa aliyepo sasa, utafiti usubiri. Mpeleke akapimwe. Kala-azar isipotibiwa huua zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, na dawa zake zipo.